Kitambaa cha Ukoo: Mwongozo Kamili wa Kushona Historia ya Familia Pale Majina Yanapokatikia Utumwani

Watu wengi wa Malindi na Mambrui, pwani ya Kenya, wamejaribu kuchora mti wa ukoo wao na wote hukwama mahali pamoja. Baba yupo, babu yupo, baba yake babu yupo, kisha kimya. Wengine huiacha karatasi hapo. Wengine hulijaza pengo kwa babu wa kubuni aliyetoka Uarabuni au Shirazi. Vijana nao hutoa picha ya minyororo kwenye intaneti, wakaibandika mahali pa jina. Kwa njia zote tatu, aliyefanywa mtumwa anabaki nje ya familia yake kama alivyoachwa nje zamani.

Mwongozo huu ni wa kushona kitambaa cha ukoo chenye ukubwa wa leso moja, takriban sentimita 150 kwa 110. Nashauri kitambaa kwa sababu mti hudai jina kwenye kila tawi, lakini kitambaa hukubali sehemu isiyo na jina na bado kikawa kizima. Usiifanye kwa haraka. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kukaa na wazee. Sindano huja baadaye.

Vinavyohitajika

- Marekani, ile nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, mita mbili. Hii ndiyo ardhi ya kitambaa. Ukiikosa, bafta nzito (nguo nyeupe ya pamba) itafaa.
- Kaniki, nguo ya buluu iliyokolea, nusu mita. Maduka ya nguo ya mji wa zamani bado huiuza.
- Vipande vya leso kuukuu za familia, vilivyotolewa kwa hiari. Leso mpya ya dukani haina kazi hapa, kwani hakuna wa kwenu aliyeivaa.
- Uzi wa pamba wa rangi mbili: mmoja wa kushonea, na mwekundu wa kupigia bandi tu, yaani mshono wa muda.
- Sindano za mkono, pini, mkasi wa fundi, chaki, futi ya kupimia, pasi.
- Karatasi mbili kubwa za manila na penseli.
- Daftari mbili zenye jalada gumu, na simu yenye nafasi ya kurekodi sauti.

Marekani na kaniki sikuzichagua kwa urembo. Marekani ndiyo nguo waliyovaa watumwa wa mashambani, na kaniki, ile nguo nzito ya buluu iliyokolea, ilikuwa vazi la wanawake watumwa pwani yote. Utumwa ulipofutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake waliopata uhuru waliiacha kaniki wakajifunga kanga za rangi, mtu akiwaona ajue kwamba hawana bwana tena. Tena marekani iliitwa hivyo kwa kuwa ililetwa na merikebu za wafanyabiashara wa Marekani, na kabla ya vita vyao vya 1861 hadi 1865 pamba yake ilichumwa na Waafrika waliokuwa watumwa huko. Mkulima wa mtama wa Malindi alivaa jasho la mtumwa mwenzake wa ng'ambo. Ndiyo maana naomba usibadilishe nguo hizi kwa kitambaa cha nailoni hata kama ni rahisi zaidi.

Hatua ya 1: Omba ruhusa kabla ya kuuliza lolote

Kumwita mtu mjukuu wa mtumwa bado ni tusi mitaani kwetu. Kauli hiyo imevunja posa na kutenganisha majirani. Pia kuna mashamba ya pwani ambayo kesi zake hazijaisha, na neno la mzee kuhusu nani alikuwa chini ya nani linaweza kubebwa hadi mahakamani. Mzee anayenyamaza anajua anachokilinda.

Nenda ukiongozana na mtu wa rika linalomkaribia, shangazi au mjomba. Mwamkie, ukae, mnywe kahawa, simu ibaki mfukoni. Kisha sema ulichojia bila kuzunguka: "Bibi, nataka kuwashonea wazee wetu kitambaa, pamoja na wale ambao hatuwataji. Naomba ruhusa nikuulize. Ukitaka neno lisitoke humu ndani, halitatoka."

Kubalianeni mambo matatu na uyaandike mbele yake: kipi kirekodiwe, nani aruhusiwe kuona, na kwamba akibadili nia unafuta.

*Onyo:* Akikataa, acha. Usimrekodi kwa siri na usimtume mtoto wake amchokonoe. Hamia upande mwingine wa familia. Mara nyingi upande wa mama ndio wenye masimulizi.

*Utajua umefaulu* mzee anapokupangia siku mwenyewe, au anapokutajia mtu mwingine wa kumwendea.

Hatua ya 2: Uliza kuhusu kazi, mahali na majina

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanaanza na "Je, sisi tulikuwa watumwa?" na mlango unafungwa. Swali hilo humtaka mzee ahukumu, wakati wewe unamtaka akumbuke. Uliza mambo yanayoshikika:

- Bibi yako alilima shamba la nani, na mavuno yalikwenda wapi?
- Alipika chakula gani ambacho majirani hawakukijua?
- Kuna wimbo wa kutwanga au wa kubembeleza mtoto wenye maneno msiyoyaelewa?
- Alizikwa wapi? Kwa nini si pamoja na wengine?
- Nani aliyeitwa "bwana" au "bibi" bila kuwa na udugu naye?
- Harusini, ni ngoma ipi waliyocheza watu wa kwenu, na ipi hawakuruhusiwa kuicheza?

Wimbo wenye maneno yasiyoeleweka urekodi mara tatu, kwa sababu unaweza kuwa kipande pekee cha lugha ya kwao kilichosalia. Usiutafsiri kwa kukisia.

Mwulizie bibi kwa upekee. Shajara za mji, yaani orodha za nasaba, hufuata wanaume: fulani bin fulani bin fulani. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto aliyezaliwa na suria na kukubaliwa na baba alikuwa huru na mtu wa ukoo wa baba. Mama yake hakuweza kuuzwa tena, na bwana akifa aliachwa huru. Kwa hiyo ukoo unaojivunia nisba ya Kiarabu unaweza kuwa na bibi Myao au Mnyasa ambaye jina lake halikuandikwa popote. Familia nyingi za pwani zimetokana na mwenye shamba na mlimaji wa shamba kwa pamoja. Kitambaa chako kiwabebe wote wawili.

Sikiliza majina. Mabruki, Feruzi, Almasi, Marjani, Baraka, Uledi, Farjallah, Songoro: haya watumwa walipewa sana, mengi kwa kutakiwa heri au kwa jina la kito. Aliyesilimu bila baba anayejulikana aliitwa mara nyingi "bin Abdallah".

*Onyo:* Jina ni dalili, halithibitishi kitu. Waungwana nao waliitwa Baraka, na kina Abdallah wamejaa kila mtaa. Usitumie orodha hii kumpangia jirani asili yake.

*Utajua umefaulu* ukiwa na angalau mahali pawili, kazi moja na mtu mmoja aliyeonwa kwa macho na anayekusimulia. Hata majina yakiwa machache, endelea.

Hatua ya 3: Ipe simulizi miaka

Mzee hakumbuki 1907. Anakumbuka njaa, vita na nani alikuwa mchanga wakati huo. Weka alama hizi pembeni mwa daftari, kisha umsogeze kila mtu karibu na ile inayomhusu:

- Miaka ya 1860: Malindi inafufuliwa chini ya Sultani wa Unguja, mashamba ya mtama na ufuta yanapanuka, watumwa wengi wanaletwa.
- 1873: Sultani Barghash anatia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini. 1876: anakataza misafara ya nchi kavu.
- 1884: njaa ya Mwakisenge.
- 1907: utumwa unafutwa kisheria pwani ya Kenya. Fidia walipewa wenye watumwa. Watumwa hawakupewa kitu.
- 1914: Wagiriama wanapigana na Waingereza, wanafukuzwa kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Mwaka huohuo inaanza vita kuu iliyochukua vijana wa kubeba mizigo.

Hesabu kwa vizazi vya miaka ishirini na tano. Bibi yako akiwa wa 1940, mama yake ni wa karibu 1915, na nyanya yake wa karibu 1890. Huyo alikuwa binti wa miaka kumi na saba utumwa ulipofutwa. Si mbali hivyo! Unaweza kuwa unazungumza leo na mtu aliyepakatwa na mtu aliyezaliwa mtumwa.

Usifikiri kila aliyefanywa mtumwa alitoka mbali. Wengi walipitia Kilwa na Unguja wakitokea pande za Ziwa Nyasa na nchi zilizo kusini: Wayao, Wanyasa, Wangindo, Wamakua. Lakini katika njaa ya 1884 kuna watoto wa Kigiriama na wa Mijikenda wengine waliowekwa rehani pwani kwa ajili ya nafaka, na baadhi hawakukombolewa. Familia ikisema "bibi alikuja kwa njaa", liandike vilevile lilivyosemwa.

Kama kuna tetesi za mtoro katika ukoo, uliza kuhusu Fuladoyo, Witu na Rabai, mahali walikokimbilia watoro wa mashamba ya pwani. Wenye jamaa Wakristo wa zamani wa Rabai au Frere Town, kijiji cha misheni cha Mombasa, wana nafasi nzuri zaidi ya kupata maandishi, kwa kuwa misheni iliandika ubatizo na ndoa, na mwaka 1888 na 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye misheni walikombolewa kwa malipo kwa wenye watumwa. Nyaraka za Taifa, Nairobi, zina majalada ya utawala wa pwani. Ukienda huko, tafuta jina kwa tahajia zote: Mabruk, Mabruki, Mbaruk. Karani aliandika alivyosikia, na aliyemtajia jina huenda alikuwa bwana.

Hatua ya 4: Tenganisha unachokijua na unachokisikia

Hatua hii ni fupi, lakini kitambaa kizima kimeuegemea uamuzi huu. Pitia daftari na kila habari uipe alama moja kati ya tatu:

1. Imesemwa na aliyeona, au imeandikwa: itashonwa kwa mshono wa kudumu.
2. Imesikika tu: itabaki kwenye bandi nyekundu.
3. Hakuna kitu: itawekwa kiraka kitupu cha kaniki, kingo zimekunjwa na kushonwa vizuri, katikati pasiandikwe neno.

Bandi ni mshono wa muda. Fundi huupiga ili kushikiza, akijua utafumuliwa. Ukiiacha nyekundu ikaonekana, kila mtazamaji atajua neno hilo bado linatafutwa. Hivyo hutadanganya, wala hutalazimika kukitupa ulichosikia.

*Onyo:* Kishawishi cha kujaza kiraka kitupu kwa jina zuri ni kikubwa, hasa pale mgeni wa heshima anapokuja kutazama. Usijaze. Mtu huyo alinyang'anywa jina mara moja; tukimbandika la kubuni tunamnyang'anya tena.

Hatua ya 5: Chora kwanza kwenye manila

Fuata mpangilio wa leso, ambao kila mtu wa kwetu anaujua kuusoma: pindo pembeni, mji katikati, jina (maneno ya leso) chini.

Pindo libebe safari: ziwa, njia ya miguu, jahazi, mto Sabaki, shamba. Mji ubebe watu. Walio hai wawe katikati na wazee wazunguke nje, kizazi kwa kizazi, wa zamani zaidi wakipakana na pindo. Ukiwapanga juu na chini, utaanza bila kutaka kuonyesha nani mkubwa na nani mdogo, na ugomvi utaanzia hapo.

Kila mtu mpe alama ya kazi yake au kitu chake: jembe, kinu na mchi, ungo, suke la mtama, mkeka, ndoana. Familia nyingi za Kiislamu hazitaki sura za watu kwenye kitambaa kitakachotundikwa ndani, na alama zinaondoa tatizo hilo. Minyororo mimi naikataa. Picha hizo nyingi zilichorwa na wageni kwa wasomaji wao, na zinamwonyesha mtu katika lile alilotendewa tu. Bibi huyu alijua kupepeta, kuimba, kulea. Muonyeshe anachokijua.

*Utajua umefaulu* mtoto wa miaka kumi akiweza kuielezea manila bila wewe kumsaidia.

Hatua ya 6: Fua, pasi, kata

Fua kila nguo peke yake kabla ya kukata. Kaniki hutoa rangi nyingi. Endelea kuisuuza mpaka maji yawe meupe, kisha isugue ikiwa mbichi kwa kitambaa cheupe. Kikichafuka, rudia. Ukiruka jambo hili, ufuo wa kwanza utaipaka marekani yote buluu na hakuna dawa yake.

Marekani nayo hujikunja ikifuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo pima baada ya kukauka. Kata ardhi ikiwa na sentimita tatu za ziada kila upande kwa ajili ya upindo.

Kata viraka ukiongeza sentimita moja kuzunguka. Kunja hiyo sentimita ndani, pasi, kisha bana na pini. Leso kuukuu ikiwa imechakaa sana, itie bafta kwa nyuma kwanza. Uzi utaikata vinginevyo.

*Onyo:* Leso ya marehemu usiikate mpaka wanawe wote wakubali. Chukua sehemu ya pindo, uwaachie mji na jina.

Hatua ya 7: Piga bandi yote, ndipo ushone

Piga bandi viraka vyote kwa uzi mwekundu, mishono mirefu ya sentimita mbili hivi. Tundika kitambaa ukutani kwa juma zima. Watu wa nyumbani watapita, watatazama, watasema. Sogeza vinavyohitaji kusogezwa.

Kisha shona vile vya alama ya kwanza tu, kwa mishono midogo inayojificha kwenye kunjo, na ufumue bandi yake. Majina yadarizi kwa mshono wa kurudi nyuma, kwani herufi zake hubaki wazi hata baada ya miaka ya kufuliwa. Vya alama ya pili viache na wekundu wao. Viraka vitupu vya kaniki vishone kwa uangalifu kuliko vyote. Hapo mkono wako ndio unaosema kwamba mtu huyu ana thamani, maana hapana neno lingine la kusema.

Kama ukooni kuna mshonaji wa kofia, mwombe azungushie kiraka kitupu matundu madogo kama ya kofia za Lamu.

*Utajua umefaulu* ukiinua kitambaa kwenye dirisha na nyuma yake ikawa safi karibu sawa na mbele, bila uzi unaoning'inia.

Hatua ya 8: Tunga jina

Jina la leso liwe la familia, si la kunakili dukani. Maneno manne hadi saba yanatosha. Waombe watatu au wanne watunge, msomeane kwa sauti, mchague kwa sikio. Mifano ya kuanzia: *Hatukujui jina twakuombea dua.* Au: *Aliyelima mtama naye ni wetu.*

Unaweza kudarizi kwa herufi za Kiarabu au za Kirumi. Leso za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kama kuna mzee anayesoma hizo tu, mwandikie hizo.

*Onyo:* Jina lisiwe la mafumbo ya kumpiga mtu. Leso inajua kusuta, lakini hii si siku yake.

Hatua ya 9: Kitandaze mbele ya familia, kisha kihifadhi

Onyesho la kwanza liwe la nyumbani: baada ya khitma, au siku ya kumbukumbu kwa walio Wakristo. Tandaza juu ya mkeka, wazee wakae karibu, na daftari liwe wazi. Tarajia mabishano. Mtu akisema "Hapana, huyo hakutoka huko," mpe kalamu. Habari ikithibitishwa, fumua bandi na ushone palepale.

Ikiwa familia itakubali kukionyesha nje, makumbusho ya Malindi, yaliyo katika Nyumba ya Nguzo, ni mahali pa kwanza pa kuulizia. Kabla ya hapo, funika kwa kipande cha bafta kila jina ambalo mwenyewe au watoto wake hawakuliruhusu. Picha za simu zisitumwe kwenye makundi ya watu wasio wa ukoo. Ikishatoka hutaweza kuirudisha.

Usikihifadhi kwenye mfuko wa plastiki. Hewa ya pwani ina unyevu, na ndani ya plastiki ukungu hushika kabla ya masika kuisha. Kizungushe kwenye bomba lililovikwa bafta safi, kaniki ikitenganishwa na marekani kwa karatasi nyeupe, uweke juu kabatini mbali na jua. Kianike kivulini kila baada ya miezi mitatu.

Nyuma yake shona kipande kidogo chenye mwaka, majina ya walioshona na majina ya waliosimulia na kuruhusu watajwe. Daftari la pili linakili la kwanza neno kwa neno na likae nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa ndugu wa Mombasa, pamoja na sauti zilizorekodiwa. Anayelitunza aonyeshwe ni viraka vipi bado viko kwenye bandi, ili naye aendelee kuuliza.